Vitabu vya Mateka: Rafu Inayoanzia Kilimatinde

Ukishuka treni ya Reli ya Kati pale Saranda, Kilimatinde iko juu yako. Njia inaupanda ukingo wa Bonde la Ufa, na ukifika juu ukageuka nyuma unaziona mbuga za Bahi zimelala chini, kavu na pana, hadi macho yanachoka. Wajerumani walijenga boma hapa miaka ya 1890, kwa sababu ileile iliyowafanya wafanyabiashara wa zamani wapite Ugogo: aliyetoka pwani kwenda Tabora na Ujiji alihitaji maji, chakula na mahali pa kupumzikia. Leo watu wengi wa Manyoni wanaijua Kilimatinde kwa hospitali ya Kanisa la Anglikana. Mkusanyaji wa vitabu anaijua kwa jambo jingine. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Kilimatinde ilikuwa moja ya kambi ambamo Wajerumani waliwaweka mateka wa Kiingereza, na kutokana na kambi hizo vilizaliwa vitabu vichache ambavyo sasa ni adimu.

Nataka kuvijadili vitabu hivyo pamoja na ndugu zao. Nimefikia kuamini kwamba tunavikusanya vibaya, na kwamba ubaya wenyewe unaanzia kwenye namna wauzaji wa vitabu wanavyovipanga.

Tuanze na vile vya vita. Mwaka 1917 shirika la SPCK la London lilichapa *In German Gaols*, simulizi ya miaka miwili ya kifungo katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwandishi wake, Ernest Spanton, alikuwa mkuu wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, Unguja, chuo cha wamisionari wa UMCA ambacho baadaye kilihamia Minaki, Kisarawe. Mwaka uliofuata shirika la kimisionari la CMS lilitoa kitabu cha mmisionari wake wa Ugogo, J. H. Briggs, *In the East Africa War Zone*. Kisha Hutchinson wakatoa kumbukumbu za daktari wa jeshi la majini, E. C. Holtom, aliyekamatwa Dar es Salaam mwishoni mwa Novemba 1914 pale manowari za Kiingereza zilipoingia bandarini kuziharibu meli za Kijerumani. Juu ya hivyo vitatu iko ripoti ya serikali ya Uingereza ya mwaka 1917 kuhusu jinsi Wajerumani walivyowatendea wafungwa wa Kiingereza na wenyeji. Ripoti hiyo haina jalada gumu wala mwandishi mmoja, na pengine ndiyo maana wakusanyaji wengi huipita.

Wamisionari wa UMCA na CMS walikusanywa kwanza Kiboriani, juu ya Mpwapwa, mahali ambapo kabla ya vita CMS walikuwa na nyumba ya kupumzikia wagonjwa. Majeshi ya Kiingereza yalipoteremka kutoka Kondoa na kuifikia reli mwishoni mwa Julai 1916, Dodoma ikaanguka, na Kilimatinde ikafuata. Wafungwa walikuwa wamekwisha kusogezwa magharibi. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora, na milango ikafunguliwa.

Mfuatano huo una maana kwa mkusanyaji. Kitabu cha mwaka 1917 kiliandikwa upesi, vita vikiwa bado vinaendelea na adui akiwa bado porini na kamanda wake Lettow-Vorbeck. Kilichapwa kwa karatasi ya wakati wa dhiki, kwa wasomaji waliokuwa wakiombwa michango, wana na uvumilivu. Wakati huohuo serikali ya Uingereza ilikuwa ikitafuta sababu za kutoyarudisha makoloni ya Wajerumani vita vitakapokwisha, na ushuhuda wa mateka ulikuwa sababu nzuri. Sisemi mateka walidanganya. Nasema kila ukurasa ulikuwa na kazi mbili, kusimulia na kushtaki, na toleo la kwanza ndilo linalouonyesha mshono kati ya kazi hizo. Wajerumani nao waliandika. Ada Schnee, mke wa gavana, aliyekuwa Tabora Wabelgiji walipoingia, alichapisha kumbukumbu zake Leipzig mwaka 1918, na mashtaka yake yanaelekea upande wa pili. Anayeweka Spanton bila kumweka Ada Schnee ana nusu ya ugomvi.

Huko Marekani aina hii ya vitabu ina jina lake, wataalamu wake na karne mbili za wakusanyaji. Mama yao wote ni Mary Rowlandson, mke wa mchungaji wa Lancaster, Massachusetts, aliyetekwa Februari 1676 katika vita kati ya walowezi na mataifa ya wenyeji, akakaa mateka kwa muda wa majuma kumi na moja. Kitabu chake kilitoka mwaka 1682 na kikachapwa mara nne mwaka huohuo: Boston, kisha mara mbili Cambridge ya Massachusetts, kisha London. Toleo la Boston, la kwanza kabisa, halipo tena. Zimebaki karatasi nne tu, nazo ziliokoka kwa sababu fundi wa majalada alizitumia kubandikia ndani ya kitabu kingine. Maktaba ya Newberry ya Chicago ina mkusanyo mkubwa wa Edward Ayer wenye simulizi za namna hii kwa mamia, na katika miaka ya 1970 kulitolewa mfululizo wa nakala zake unaojaza juzuu 111.

Wakusanyaji wale wametuachia mafunzo mawili ninayoyathamini. La kwanza ni kwamba kitabu kilichosomwa sana ndicho kinachopotea. Rowlandson wa Boston hakuchomwa wala kupigwa marufuku. Alisomwa, akaazimwa, akapita mikono ya watoto, akachanika. Kitabu kinachobaki kizima karne tatu aghalabu ni kile ambacho hakuna aliyekihitaji. La pili ni kwamba kila toleo ni kitabu kipya. Mwaka 1773, Boston ikielekea kuasi utawala wa Uingereza, Rowlandson alichapwa tena, na mbele kukawekwa picha ya mwanamke ameshika bunduki. Mwanamke wa mwaka 1682 hakuwa na bunduki. Alikuwa na Biblia na maumivu. Wasomaji wa mwaka 1773 ndio waliokuwa wakihitaji bunduki.

Lipo na jambo la tatu, ambalo wakusanyaji wa huko walichelewa kuliona. Katika kiwanda cha chapa cha Cambridge kilichotoa matoleo yale ya mwaka 1682 alifanya kazi mtu mmoja wa mataifa hayo ya wenyeji, Mnipmuc aliyeitwa James Printer. Wanahistoria wanaamini kwamba mikono yake ndiyo iliyopanga herufi za kitabu cha Rowlandson. Watu wa mataifa ya wenyeji walitekwa kwa wingi katika vita vilevile, na wengi waliuzwa utumwani visiwa vya Karibi. Hakuna mmoja wao aliyechapiwa kitabu. Mtu wa upande wao alikuwepo kiwandani, herufi zikipita vidoleni mwake moja moja, akipanga habari za mateka wa upande mwingine.

Hapo ndipo fikra zangu zinapoondoka Massachusetts na kurudi Kiungani.

Chuo alichokiongoza Spanton hakikuanza kwa watoto wa watu huru. Kilianza kwa watoto waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa, ambao manowari za Kiingereza ziliwakamata njiani na kuwakabidhi kwa misheni. Askofu Edward Steere alikuwa na mtambo wa chapa Unguja, na baadhi ya vijana hao walifundishwa kupanga herufi. Vitabu vya mwanzo vya Kiswahili vya misheni vilipita mikononi mwa watu waliowahi kutembezwa na kamba shingoni kutoka Nyasa hadi Kilwa. Mnamo 1888 palianza kutoka hapo Kiungani gazeti la Kiswahili, *Msimulizi*.

Mwaka mmoja kabla ya gazeti hilo, George Bell wa London alichapa *Kiungani*, kitabu chenye simulizi zilizoandikwa na wavulana wa shule za misheni: walikozaliwa, walivyotekwa, waliowanunua na kuwauza, njia, bahari, kuokolewa. Waliandika kwa Kiswahili. A. C. Madan, yule aliyetutungia kamusi, akatafsiri na kuhariri, na kilichotoka London kikawa kitabu cha Kiingereza. Kwangu hiki ni kimoja kati ya vitabu vikubwa vya Afrika Mashariki ya karne ile, na nina huzuni nacho kila nikikifikiria. Watoto waliokuwa na lugha ya nyumbani ya Kiyao, Kimakua au Kibisa waliamua kueleza msiba wao kwa lugha waliyoikuta mwisho wa safari, yaani lugha ya mnunuzi na ya mwokozi pia, kisha maneno yao yakavuka maji na kubadilishwa tena kabla ya kuwa chapa. Mtu anayekishika kitabu cha mwaka 1887 anashika tafsiri ya tafsiri ya maumivu, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na mdomo wa mtoto.

Sasa tuupange uzi huu sawasawa. Mwaka 1887 wanafunzi wa Kiungani wanasimulia kutekwa kwao. Mwaka 1917 mkuu wa Kiungani anasimulia kutekwa kwake. Mwaka 1936 Margery Perham anatoa *Ten Africans* kwa Faber, na humo Martin Kayamba, Mbondei aliyesoma Kiungani, anaeleza pamoja na mengine jinsi Wajerumani walivyomweka kizuizini vita vilipoanza, hadi akatoka huru Tabora. Mwaka 1937 UMCA wanachapa maisha ya Padri Petro Kilekwa, Mbisa aliyetekwa utotoni, akapelekwa baharini hadi upande wa Ghuba ya Uajemi, akaokolewa na manowari ya Kiingereza, akaletwa Unguja na kusoma Kiungani. Chuo kimoja, miaka hamsini, simulizi nne za mateka. Mkuu wa chuo na mwanafunzi wa zamani wa chuo hichohicho walipatia uhuru wao mji mmoja, kwa vita vilevile.

Ukienda kuvitafuta, hata hivyo, hutavikuta pamoja. Spanton anauzwa kwenye rafu ya historia ya kijeshi. *Kiungani* iko kwenye rafu ya utumwa na misheni. *Ten Africans* wanaiweka kwenye anthropolojia. Kilekwa anaitwa kijitabu cha dini, na mara nyingi hata orodha haimtaji. Rafu ya kijeshi ndiyo yenye wanunuzi, kwani wako watu wengi Ulaya wanaokusanya kila kilichoandikwa kuhusu vita vya Lettow-Vorbeck. Kwa hiyo bei hufuata medali. Waswahili walisema asiyekuwepo na lake halipo, na mnadani ndivyo ilivyo: asiyekuwa na rafu, na kitabu chake hakipo.

Najua hoja inayoweza kuletwa hapa. Mtu atasema daktari wa manowari aliyefungwa kwa sheria za vita na mtoto aliyeuzwa kwa doti za nguo si mateka wa namna moja, na kuwaweka rafu moja ni kuuchafua msiba wa mtoto. Hoja hii ina uzito. Holtom alijua kwamba dola lake linamtafuta, linaandika jina lake, na litauliza siku moja kwa nini alilala njaa. Mtoto wa Nyasa hakuwa na wa kumuulizia. Kiswahili chenyewe kinatofautisha mateka, mtumwa, mfungwa na mahabusu. Lakini Kiswahili hichohicho kinatumia neno kuteka kwa maji ya kisimani na kwa binadamu, na nadhani wazee waliona jambo: aliyetekwa amechotwa, ametolewa penye wenzake akatiwa chomboni mwa mwingine. Nawaweka pamoja ili tofauti ionekane. Ukisoma Spanton peke yake utadhani kifungo cha Tabora ndicho kilele cha mateso katika nchi hii. Ukimsoma kando ya wavulana wa Kiungani, utaona mara moja nani alikuwa na karatasi, nani alikuwa na mhariri, na nani alitafsiriwa.

Upande wa Wakatoliki kuna mfano mzito zaidi. Mwaka 1870 Monsinyori Gaume alichapa Paris habari za Swema, msichana Myao aliyetekwa pamoja na mama yake. Mama alikufa njiani, na Swema alifika Unguja akiwa dhaifu kiasi cha kudhaniwa amekwisha, akafukiwa angali hai, akafukuliwa na kijana mmoja aliyesikia sauti yake, akapelekwa kwa mapadri na masista. Mwanahistoria Edward Alpers aliirudia habari hiyo mwaka 1983 na kuonyesha jinsi ilivyopitia mikono ya mapadri kabla ya kufika kwa wasomaji wa Ufaransa, ikipambwa kwa ajili ya mafundisho. Hata Rowlandson alipotoka alitanguliwa na dibaji ya mchungaji, kumhakikishia msomaji kwamba si vibaya kwa mwanamke mcha Mungu kuandika. Kila mateka anayechapwa ana mtu mlangoni. Mkusanyaji makini anajifunza kumtambua mtu huyo: jina lake liko kwenye dibaji, kwenye maelezo ya chini, wakati mwingine kwenye ukurasa wa jina, kwa herufi kubwa kuliko za mateka mwenyewe.

Ndani ya *Ten Africans* kuna mzee mwingine wa Kibisa, Rashid bin Hassani, aliyetekwa utotoni na kuuzwa Unguja. Aliongea, na ofisa Mwingereza akaandika. Kwa hiyo kitabu kimoja kina mateka wawili: mmoja wa utumwa, asiyeandika, na mmoja wa vita ya wazungu, Kayamba, karani hodari wa Tanga aliyeshika kalamu mwenyewe. Ningelazimishwa kubaki na kitabu kimoja tu cha mkusanyo huu wote, ningebaki na hicho, toleo la 1936. Lile la 1963 linapatikana kwa urahisi zaidi na linatosha kwa kusoma.

Nimekiweka kando makusudi kitabu cha Kiswahili chenyewe. *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela kilichapwa na Sheldon Press, London, mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa Freretown, kijiji walichoanzisha CMS mwaka 1875 kando ya Mombasa kwa ajili ya watumwa waliookolewa, na anasimulia kutekwa kwa watu wake kutoka upande wa Nyasa, baba yake akiwemo, hadi kuokolewa kwao. Wahakiki hukitaja miongoni mwa hatua za mwanzo za riwaya ya Kiswahili. Wanakilaumu pia, na lawama ni ya haki: Mwingereza humo ni mkombozi asiye na doa, na Mwarabu ni mkosaji asiye na mwenzake. Mimi nakitetea kwa jambo moja. Humo mtoto wa mateka anawasimulia watoto wa mateka, kwa lugha yao, bila mfasiri kusimama katikati. Kilisomwa shuleni, kikachapwa tena na tena, kikatafsiriwa Kiingereza mwaka 1956. Ndiyo maana toleo la 1934 ni gumu sana kulipata. Yaliyompata Rowlandson wa Boston yamempata Mbotela: alisomwa hadi akachakaa. Katika minada ya Ulaya hakuna anayempigania, kwani ni kitabu kidogo cha shule, cha lugha wasiyoisoma. Hapa kwetu wengi wanacho akilini, wachache wanacho sandukuni.

Ukifika kwenye Vita vya Pili na baada yake mambo yanakuwa mepesi zaidi kwa mkusanyaji. Mwitalia Felice Benuzzi, mateka wa Waingereza Nanyuki, alitoroka kambini Januari 1943 na wenzake wawili ili wapande Mlima Kenya, kisha wakarudi wenyewe kambini. Kitabu chake kina wapenzi wengi duniani, na wapanda milima ndio wanaopandisha bei. Wakenya waliozuiliwa na Waingereza hao hao wakati wa Mau Mau waliandika mambo magumu zaidi: J. M. Kariuki mwaka 1963, Gakaara wa Wanjau kwa Kigikuyu mwaka 1983. Kisha kuna diwani ambayo kila mpenda Kiswahili angepaswa kuitafuta katika chapa yake ya kwanza, *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, Oxford, Nairobi, 1973. Alifungwa na serikali ya nchi yake mwenyewe kwa waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi, na mashairi aliyaandika gerezani kwa siri kwenye karatasi za chooni. Tangu Rowlandson hadi Kayamba, mateka hawa wanaandika wakiwa wamekwisha kutoka. Abdilatif aliandika akiwa ndani. Karatasi ile ya chooni, kwa maana halisi ya neno, ndiyo toleo la kwanza.

Sasa kazi yenyewe inafanywaje? Mengi yanategemea kusoma ukurasa wa jina na mgongo wake bila haraka. SPCK na CMS kwa kawaida waliweka mwaka. Hutchinson wa wakati ule walitoa vitabu vingi bila mwaka, na kwa kitabu cha namna hiyo unalazimika kuangalia matangazo ya mwisho wa kitabu, vitabu gani vinatajwa kuwa vipya, na maandishi ya mkono ya mwenye nakala wa kwanza. Jina lililoandikwa kwa wino na tarehe ya Krismasi ya mwaka fulani lina nguvu kuliko maneno ya muuzaji. Ramani zikunjuliwe zote, maana ndizo zinazochanwa kwanza. Ile karatasi ya kufunika jalada, ambayo wasomaji wa zamani waliitupa, ndiyo mara nyingi inayobeba bei kubwa kuliko kitabu, na kwa vitabu vya Waafrika vya miaka ya 1930 ni nadra kuiona kabisa.

Jihadhari na vitabu vilivyopigwa picha na kuchapwa upya kwa oda. Orodha za mtandaoni huviandikia mwaka wa kitabu cha asili, na mnunuzi wa Dodoma anayelipa kwa simu anaweza kujikuta na karatasi nyeupe za juzi zenye herufi zilizofifia. Uliza picha ya ukurasa wa jina, ya mgongo wake na ya ukurasa wa mwisho. Muuzaji asiyetaka kuzipiga usimtumie fedha.

Muhuri wa maktaba unahitaji busara zaidi. Vitabu vya aina hii viliwahi kukaa katika maktaba za misheni, vyuo vya ualimu na seminari kuanzia Magila hadi Mvumi, na baadhi vilitolewa kihalali maktaba zilipofungwa au kupunguza rafu. Vingine viliibwa. Muhuri wa kuingia bila alama ya kutolewa ni sababu ya kupiga simu kwanza. Nimewahi kurudishiwa fedha zangu kwa kitabu kimoja baada ya kuuliza swali hilo tu, na kitabu kikarudi kilikotoka. Sijuti kukikosa.

Mchwa, mende na ukungu ni adui wanaojulikana. Hewa kavu ya Manyoni na Dodoma inakuwa rafiki wa karatasi kuliko Unguja au Tanga, ambako chumvi na unyevu hulegeza gundi ndani ya misimu michache. Vumbi jekundu la Ugogo ndilo linalotusumbua huku. Linaingia kwenye mshono na kukata karatasi kama msasa. Sanduku la bati lenye kitambaa safi ndani linafanya kazi nzuri, na kabati la mbao lililo mbali na ukuta wa udongo pia. Usibandike gundi ya utepe kwenye mpasuko. Miaka kumi baadaye inageuka rangi ya chai na kula maandishi.

Je, vitabu hivi vikae wapi? Nyaraka za UMCA ziko Oxford, za CMS ziko Birmingham, na mtafiti wa Singida anayezitaka anahitaji viza. Siwalaumu waliozitunza. Wamezitunza vizuri. Lakini kitabu si hati moja isiyo na mwenzake. Kilichapwa kwa mamia au maelfu, na hakuna sababu nakala moja ya kila kimojawapo isikae Dodoma, katika chuo kikuu au chuo cha theolojia, penye mwanafunzi anayeweza kuisoma na kisha kupanda basi hadi Kilimatinde jioni hiyohiyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Maktaba Kuu ya Taifa wana hazina za Afrika Mashariki, na mkusanyaji binafsi anaweza kujaza mapengo yao. Mkusanyo wa mtu mmoja ukiandikiwa wosia mapema huwa mali ya wengi. Usipoandikiwa, warithi huuza kwa kilo kwa wafungaji wa maandazi.

Nirudi pale juu ya ukingo. Vitabu vya mateka wa Kiingereza vinakaribia kuisha vyote kwa siku ya furaha: Septemba 1916, Tabora, askari wa Kibelgiji wanaingia, bendera zinabadilika. Kwa Wagogo siku hiyo haikumaliza kitu. Wajerumani walikuwa wamechukua ng'ombe, nafaka na vijana, na Waingereza waliofuata walichukua ng'ombe, nafaka na vijana, wakiwapeleka kubeba mizigo ya vita kusini. Mvua nazo zikawa mbaya. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo ikaingia katika njaa ambayo wazee waliiita Mtunya. Makadirio yanayotajwa na wanahistoria ni watu wapatao 30,000 waliokufa kati ya 150,000. Wakati Spanton anasahihisha kurasa zake London, wapagazi wa Ugogo, waliokuwa wamekamatwa nyumbani na kutembezwa chini ya ulinzi, walikuwa wanakufa njiani, na waliorudi walikuta maghala matupu.

Hao nao walikuwa mateka. Rafu yangu ina pengo lao, nami sitalijaza kwa mnada wowote wa London, maana hakuna aliyewachapia. Kilicho karibu nao zaidi ni kazi ya Mzee Ernest Kongola, mwalimu mstaafu wa Ugogo, aliyekusanya habari za koo na za wazee akaziandika kwa Kiswahili katika juzuu kadhaa, zikapigwa taipu na kutolewa nakala chache kwa wanaukoo na marafiki. Mwanahistoria Gregory Maddox alishirikiana naye, na mwaka 2006 kikatoka kitabu chao kuhusu uandishi na kumbukumbu za Tanzania ya kati. Kitabu hicho cha Kiingereza kinapatikana. Juzuu zile za taipu ndizo ninazozitafuta. Hazina jalada gumu, hazina jina la kampuni ya London, na zimefungwa kwa pini. Mwenye nazo nyumbani, Kilimatinde, Bahi au Mpwapwa, azitoe juu ya boriti la jikoni leo, azifute moshi, na aziweke kwenye bati kavu. Asikubali kuziuza kwa mtu yeyote, hata mimi, kabla hajazitolea nakala mbili.